Milima ya Chokaa na Wenye Kuipa Majina

   

Leo tunazungumza juu ya milima. Hasa hasa milima ya mawe ya chokaa, na majina yake: nani aliiita hivyo, na alikuwa amesimama wapi alipoiita.

Najua kuna papa mmoja mahali fulani amekwisha kucheka. "Milima hapa Kindu? Milima ya wapi?" Ana haki ya kucheka. Mji wetu uko chini, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na kitu kikubwa tunachoamka nacho kila siku ni maji ya Lualaba. Mtoto wa Kindu anajua mto kabla hajajua mlima. Lakini nipeni sikio, kwa sababu mlima uko hapa hapa mjini, na wengine wenu mmewahi kuubeba kichwani.

Nenda gare siku treni inapoingia kutoka upande wa Kongolo. Tazama vijana wanaoshusha mizigo, nyusi zao zimekuwa nyeupe, mikono myeupe, hata kope. Wanashusha nini? Simenti. Na simenti ni nini? Ni mlima uliovunjwa. Hakuna simenti bila jiwe la chokaa. Unalipasua jiwe, unalichanganya na udongo wa mfinyanzi, unalichoma kwenye tanuri kubwa kwa joto la nyuzi karibu 1,450, kisha unasaga kile kilichotoka mpaka kinakuwa unga. Ndiyo maana viwanda vya simenti vya nchi yetu havikujengwa mahali popote tu. Kuna Lukala, kule Kongo-Kati. Kuna Lubudi, kule mkoa wa Lualaba, kando ya reli. Kuna Kabimba, kusini mwa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Kila kiwanda kimeketi karibu na jiwe lake. Sisi wa Kindu hatuna kiwanda hicho, kwa hiyo mlima unatufikia ndani ya mfuko, kwa treni, na bei yake mnaijua ninyi mnaojenga.

Basi tuulize: hilo jiwe la chokaa ni jiwe la namna gani?

Tuanze kwa kulilinganisha na jiwe la moto. Ndugu zetu wa Goma wana Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, na wote tunakumbuka ulivyomwaga moto mjini Januari 2002, halafu tena Mei 2021. Mlima ule umejengwa na moto wa chini ya ardhi. Jiwe lake jeusi lilikuwa uji wa moto, likapoa, likawa jiwe. Mlima wa chokaa una baba mwingine kabisa: maji. Hapo zamani palikuwa na bahari au ziwa, maji ya kina kifupi, yenye joto. Katika maji hayo chokaa ilikuwa ikishuka chini pole pole, tabaka juu ya tabaka. Mahali pengine imetoka kwenye magamba ya konokono wa baharini na matumbawe. Mahali pengine ni ya kale zaidi ya hapo, wakati ambapo duniani hapakuwa na mnyama mwenye gamba, kulikuwa na utando tu wa vijidudu ukiota chini ya maji kama ule utelezi wa kijani unaouona kwenye mawe ya mtoni. Miaka ikapita, mamilioni kwa mamilioni. Maji yakaondoka, ardhi ikainuka, na ile sakafu ya bahari leo ni mlima wenye msitu juu yake.

Nasema tena kwa wale waliochelewa: mlima wa moto umejengwa na moto, mlima wa chokaa umejengwa na maji. Na kilichojengwa na maji, maji hayo hayo hukibomoa.

Hukibomoa namna gani? Chukua ndimu. Kata, kamua tone moja juu ya jiwe la chokaa lililokwanguliwa vizuri, halafu inama utazame kwa karibu. Utaona mapovu madogo madogo, tena ukitega sikio utasikia kama kunong'ona kidogo. Tindikali ya ndimu inalila jiwe. Fanya hivyo hivyo kwenye jiwe la mtoni la kawaida, lile gumu tunalonolea panga: hakuna kitu, ndimu imepotea bure. Walimu wanaonisikiliza, jaribio hili halina gharama, wafanyieni watoto.

Sasa mvua nayo ina ndimu yake. Ikianguka inabeba hewa ya kaboni, ikipita kwenye udongo wenye majani yaliyooza inabeba zaidi, na inakuwa tindikali dhaifu sana. Dhaifu kiasi kwamba unaikinga kwenye ndoo na kuinywa. Lakini ipe miaka laki moja, ipe ufa mdogo kwenye jiwe, uone itakachofanya. Ufa unakuwa tundu, tundu linakuwa njia, njia inakuwa chumba. Hapo pango limezaliwa. Na chokaa iliyoyeyuka haikupotea: inadondoka na maji kutoka darini, tone kwa tone, na kila tone linaacha chembe, mpaka mawe yananing'inia kutoka juu na mengine yanachipuka kutoka chini.

Kwa hiyo ukiwa juu ya mlima wa chokaa, jambo la kushangaza ni kwamba juu ni pakavu. Mvua inanyesha, na baada ya saa moja huoni maji. Unakuta kijito kinakuja vizuri, kinafika mahali, kinaingia kwenye shimo, basi, kimekwisha. Halafu ukishuka chini ya mlima unakuta chemchemi kubwa inabubujika kutoka kwenye mwamba. Ni kijito kile kile? Pengine ndiyo, pengine ni kingine. Watu wa pale ndio wanaojua, kwa sababu wamewahi kuona majani au makumbi yaliyotupwa juu yakitokea chini.

Na hapa, wasikilizaji, ndipo tunapoingia kwenye majina.

Tuulizane. Mtu anayeishi kwenye mlima wa namna hiyo, anahitaji jina la kitu gani? Anahitaji jina la safu nzima ya milima, kuanzia kaskazini hadi kusini? Atalitumia wapi? Hawezi kumwambia mtoto, "Nenda ukachote maji kwenye safu ya milima." Anahitaji jina la chemchemi. Anahitaji jina la shimo ambalo mbuzi wakiingia hawarudi, na la pango la kujikinga mvua ikimkuta shambani. Majina yake ni mengi, madogo madogo, na yote yako kwenye matundu na kwenye maji. Lile jina kubwa, jina moja linalofunika milima yote, mara nyingi limetoka kwa mtu aliyekuwa mbali: msafiri aliyeona rangi ya buluu upande wa mashariki akauliza, "Ile nini?", au karani mwenye ramani tupu mbele yake.

Hilo ndilo neno langu la leo, na nitalirudia. Jina kubwa hutoka mbali. Majina madogo hutoka karibu. Na kwenye mlima wa chokaa majina madogo ni mengi kuliko kwingine, kwa sababu mlima wenyewe umejaa milango.

Twende kwa mifano. Tuanze nyumbani.

Wazee wangu, mji huu uliitwaje wakati wa Mbelgiji? Mnakumbuka. Kindu-Port-Empain. Empain ni nani? Ni baron Édouard Empain, tajiri wa Ubelgiji, huyo huyo wa metro ya Paris. Kampuni yake ya reli, ile CFL iliyoundwa mwaka 1902, ndiyo iliyoleta treni hapa. Ikaanza na kipande cha Kisangani hadi Ubundu, halafu ikaja kwetu, na kufika mwaka 1911 treni ilikuwa inatembea kati ya Kindu na Kongolo. Sababu ya reli ilikuwa ni mto: kuna maporomoko meli haipiti. Chini kidogo ya Kongolo, Lualaba linabanwa kwenye mwanya mwembamba, upana wake kama mita 90 hivi, na Wazungu wakapaita Portes d'Enfer, Milango ya Jehanamu. Mtu aliyepaita hivyo alikuwa na meli akilini. Mvuvi anayeishi pale na kula samaki wa pale, sidhani angepaita jehanamu.

Basi Empain aliwekwa kwenye jina la mji kwa sababu ya reli. Leo nani anasema Port-Empain? Labda mzee mmoja mwenye cheti cha kuzaliwa cha zamani. Kindu imebaki Kindu.

Sasa vukeni nchi nzima pamoja nami, hadi magharibi kabisa, Kongo-Kati, kati ya Kinshasa na Matadi. Kule kuna milima ya chokaa ya kweli kweli. Kwenye ramani za zamani eneo hilo lina jina zuri la kigeni, Monts de Cristal, Milima ya Kioo. Kule nako reli ilipita, ile ya Matadi iliyokamilika mwaka 1898, na mwenye kuisimamia alikuwa Mbelgiji, Albert Thys. Mji mmoja juu ya milima ile ukaitwa Thysville. Mnaona? Hapa Empain, kule Thys. Mwenye reli anaacha jina lake kwenye kituo. Na kama Port-Empain lilivyokufa, Thysville nalo limekufa. Mji ule leo ni Mbanza-Ngungu.

Lakini chini ya Mbanza-Ngungu, ndani ya mapango ya chokaa, kuna kiumbe ningependa wana wa Kindu, watu wa samaki kama sisi, wakijue. Ni samaki mdogo asiye na macho. Hana kabisa. Rangi yake ni nyeupe yenye wekundu kidogo, kwa sababu damu inaonekana kwenye ngozi. Anaishi kwenye mito ya gizani ndani ya mlima, na gizani macho ni ya nini? Wataalamu walimwandika kwenye vitabu vyao mwaka 1921 wakampa jina la Kilatini, Caecobarbus geertsii, nusu yake ikiwa ni upofu wake na nusu nyingine ikiwa ni jina la Mbelgiji Geerts. Wenyeji wanasema kwa Kikongo nzonzi a mpofo. Hawamtaji Mbelgiji. Wanasema alivyo: ni nzonzi, na haoni. Samaki huyu hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye mapango ya eneo lile, na biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa, kwa sababu zamani walimvua na kumuuza ng'ambo awekwe kwenye vioo vya mapambo. Hatari yake kubwa leo iko juu yake: kinachomwagwa mjini kinashuka kwake.

Tuache magharibi. Turudi upande wetu wa mashariki, kwenye mlima ambao kwangu mimi ndio mfano mzuri kuliko yote. Mlima Hoyo.

Wangapi mmewahi kuusikia? Nyanyueni mikono huko mliko, sitaiona, lakini nyanyueni. Mlima Hoyo uko Ituri, teritware ya Irumu, kusini ya Komanda, ukitoka Beni kwenda Bunia. Upo pale ambapo msitu mkubwa wa Ituri unakaribia kwisha na bonde la Semliki linaanza. Sio mlima mrefu: hauwezi kushindana na Rwenzori wenye theluji ambao siku ya anga safi unaonekana kule ng'ambo ya bonde. Hoyo haufiki mita 1,500. Lakini wote ni chokaa, chokaa ya kale mno, zaidi ya miaka milioni 500, na ndani umetobolewa mapango mengi. Maji yanatoka humo, yanaanguka, yanaingia tena. Serikali ya kikoloni iliufanya hifadhi, ikajengwa nyumba ya wageni, watalii wakawa wanakuja na kofia zao. Leo hifadhi iko mikononi mwa ICCN, taasisi ya nchi ya kulinda mazingira ya asili, na hali ya usalama kwenye barabara ile ya Beni na Komanda imewatesa sana watu wa kule, nawapa pole.

Sasa sikilizeni majina. Mlima wote una jina moja, Hoyo. Lakini ndani yake kila pango lina lake, na mashuhuri kuliko yote ni Matupi. Majina yaliyotoka kwenye midomo ya watu wa pale, Wambuti wa msituni na majirani zao wakulima. Halafu kuna maporomoko mazuri, maji yanashuka kwa hatua, hatua, hatua. Wabelgiji walipofika pale, wakatazama, wakasema: Escaliers de Vénus. Ngazi za Venus. Venus ni nani? Ni mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale! Hebu fikiria safari ya huyo mama, kutoka Roma hadi msitu wa Ituri, kushuka ngazi ambazo Wambuti walikuwa wakizipanda tangu enzi. Sikasiriki, mimi nacheka. Aliyepaita hivyo alikuwa ameona kitu kizuri na akatafuta jina zuri kwenye mfuko wake, akakuta hilo. Lakini jina lile linaniambia habari za shule aliyosoma yeye. Haliniambii chochote juu ya maji.

Tuingie Matupi kidogo, maana humo kuna habari nzito.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Ubelgiji, Francis Van Noten, alichimba kwenye sakafu ya pango hilo. Alichimba namna gani? Kwa brashi na mwiko, sentimita kwa sentimita, kila tabaka likiwekwa peke yake. Tabaka za juu zilikuwa na vyungu na mambo ya watu wa zama za chuma. Akashuka, akashuka, akakuta vijiwe vidogo vidogo vilivyochongwa kwa ustadi, vingine vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, vya kupachikwa kwenye mti viwe ncha ya mkuki au meno ya kisu. Na zile za chini zaidi zikapimwa umri: zaidi ya miaka 40,000. Miaka elfu arobaini, wasikilizaji! Mtu alikaa kwenye mlango wa Matupi, akachonga kijiwe, akaangalia nje.

Na aliangalia nini? Hapa ndipo mimi nilipokaa kimya siku niliposoma habari hii. Sisi tungesema aliangalia msitu. Msitu wa Ituri si uko pale siku zote? Basi mifupa iliyokutwa kwenye tabaka za kale ina ya wanyama wa mbuga, wanyama wa nyasi. Maana yake wakati ule nje ya pango palikuwa na uwanda wa nyasi, na msitu ulikuwa umerudi nyuma, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa kavu. Baadaye mvua ikarudi, na msitu ukaja mpaka mlangoni. Pango halikuhama. Kila kitu kingine kilihama.

Huyo mtu wa miaka 40,000 aliliitaje pango lile? Jina lake limekwenda naye. Matupi ni jina la waliokuja nyuma yake kabisa. Hata majina madogo nayo yana umri, yanazaliwa na kufa, msidhani nayatukuza. Ninachosema ni kwamba yanakufa pale tu watu wa pale wanapoondoka au wanapofukuzwa. Jina la mwenye reli linakufa serikali inapobadilika, hata kama watu wako pale pale.

Na tumeona mengi ya namna hiyo nchini mwetu. Ziwa Edward likawa Idi Amin, Ziwa Albert likawa Mobutu, kisha yote yakarudi yalikokuwa. Mlima Stanley, ule wa Rwenzori wenye kilele cha mita 5,109, serikali ya Mobutu ikaubatiza Ngaliema. Mlima wa Kivu kupewa jina la chifu aliyekaa karibu na Kinshasa! Mimi nasema ni yale yale, isipokuwa safari hii msafiri alikuwa Mkongomani. Na kilele chenyewe kinaitwa Margherita, malkia wa Italia, tangu mwanamfalme wa kwao, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipokipanda mwaka 1906. Wakonzo wanaolima chini yake hawakuulizwa, wala na Wataliano wala na Kinshasa.

Msinielewe vibaya kuhusu jina kubwa. Lina kazi yake. Rubani anahitaji jina moja kwa safu nzima, mwalimu wa jiografia anahitaji, mimi mwenyewe nimelitumia leo. Chukua Mitumba. Wanamasomo wameimba: Milima ya Mitumba, upande wa mashariki wa Kongo. Inaanzia wapi? Ramani moja itaandika Mitumba huko Katanga, karibu na Upemba. Nyingine itaiandika Kivu, juu ya Bukavu, ambako mlima Kahuzi unafika mita 3,308. Kati ya hapo na pale ni mamia ya kilomita, makabila chungu nzima, na mawe ya kila aina. Muulize mtu wa Itombwe kama anaishi Mitumba. Atakwambia, "Mimi naishi Itombwe." Hajakosea. Ramani nayo haijakosea, imetazama tu kutoka juu sana.

Na majina hayo makubwa yalifikaje kwenye ramani? Mengi yalipita hapa hapa kwetu, Maniema, tena kwa Kiswahili. Kati ya wasafiri wa Kizungu, Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, Cameron mwaka 1874, Stanley mwaka 1876, na wote watatu hawakujua lugha za huku. Walisafiri na waungwana na wapagazi wa kutoka pwani, Unyamwezi na kwingineko. Mzungu ananyoosha kidole, mkalimani anauliza, mwenyeji anajibu, mkalimani anatafsiri anavyoweza, Mzungu anaandika alivyosikia. Hesabuni wenyewe ni masikio mangapi. Livingstone alikaa kando ya Lualaba letu akiamini, au akitamani, kwamba ni Nile! Cameron akapima kimo cha mahali akaona haiwezekani, Nyangwe iko chini kuliko Nile ya Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Stanley akapatana na mfanyabiashara Tippu Tip, akashuka na mto mpaka baharini, mabishano yakaisha. Kwa mwenyeji mto haukuwa na shida yoyote: ulikuwa ukipita pale na jina lake.

Kabla sijamaliza, twende pwani mara moja, nisije nikaonekana nasema habari za Kongo peke yake. Tanzania nao wana chokaa. Karibu na mji wa Tanga kuna mapango ya Amboni, chokaa ya bahari ya kale. Zamani watu walisema njia zake zinafika Mombasa, wengine wakasema zinafika hadi Kilimanjaro. Wapimaji wakaingia na kamba na taa mwaka 1994: lile refu kuliko yote ni kama mita 900. Hadithi ilikuwa ndefu kuliko pango. Lakini mapango yale yamewahi kumficha mtu kweli, Osale Otango, miaka ya 1950, ambaye wakoloni walimwita mhalifu na maskini wengi wakamwita rafiki. Na kusini zaidi, Kilwa, kuna milima ya Matumbi. Huko milima na watu wana jina moja, Wamatumbi, na ndiko vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilikoanzia Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya Mjerumani pale Nandete. Ndani ya milima hiyo kuna pango kubwa linaloitwa Nang'oma, na wazee wa kule husimulia kuwa wapiganaji na jamaa zao walijificha humo. Mjerumani alikuwa na ramani, na ramani ilikuwa na neno Matumbi. Nang'oma, sidhani kama lilikuwamo. Sasa niambieni, kati ya majina hayo mawili, lipi liliokoa watu?

Na kuna faida nyingine ya majina madogo, ya kila siku, ambayo nawaomba mama zangu muisikilize vizuri. Nilisema maji ya mlima wa chokaa yanapita kwenye matundu. Yanapita haraka, hayachujwi na udongo wala mchanga. Kwa hiyo choo kikichimbwa juu, karibu na shimo linalomeza maji, uchafu unaweza kutokea kwenye chemchemi ya chini baada ya siku chache, na watu wakaanza kuharisha bila kujua adui ametoka wapi. Anayejua jina la shimo la juu, na anajua kwamba wazee walisema shimo hilo ni "mama" wa chemchemi fulani, huyo ana habari ambayo muuguzi wa kituo cha afya anaihitaji. Ramani ya mkoa haina habari hiyo.

Sasa nina ombi. Maniema yetu chini ni bonde, lakini ukienda kusini na mashariki, Kasongo na hasa Kabambare, nchi inainuka. Kuna vilima, kuna miamba, kuna matundu ambayo watoto wanakatazwa kuingia. Wanamasomo, ulizeni bibi na babu zenu. Mkipata jina la pango, la shimo, la chemchemi inayotoka kwenye jiwe, liandikeni kwenye karatasi mtuletee hapa redioni, au mpatieni dereva wa pikipiki anayekuja mjini. Andikeni jina lenyewe. Andikeni linasemwa kwa lugha gani. Na andikeni mtu aliyewaambia huwa analitumia akienda kufanya nini pale: kuchota maji, kuwinda, kutambika, kujikinga mvua. Wakituletea watu wa vijiji viwili majina mawili ya shimo moja, wasigombane, tutayasoma yote mawili. Na kama kuna mtu ana ndimu na amejaribu kwenye jiwe la huko kwao, atuambie pia kama limetoa mapovu.

Juma lijalo, saa hii hii, tutakuwa na mzee mmoja wa reli aliyefanya kazi kwenye njia ya Kongolo, atatusimulia namna walivyokuwa wakipita kando ya ile Milango ya Jehanamu wakati wa mvua, na yeye na wenzake walikuwa wanapaitaje.